Kariakoo Inauliza: Nani Aliyepima?

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, watu wa Kariakoo walifungua maduka yao kama wanavyofungua kila siku. Wachukuzi walikuwa wamekwisha kuanza safari zao za mizigo, wanunuzi wa mikoani walikuwa wamefika na orodha zao mkononi, na katika jengo moja la ghorofa nne wafanyabiashara walikuwa wanawapokea wateja wa kwanza. Kiasi cha saa tatu jengo lile likaanguka. Watu si chini ya 29 walikufa. Zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai, na baadhi yao walikaa saa nyingi chini ya kifusi wakipelekewa maji, glukosi na oksijeni kupitia matundu, huku jamaa zao wamesimama barabarani wakisubiri simu ilie.

Sisi wa visiwani hatukuipokea khabari hii kama khabari ya mji wa mbali. Ni shida kuipata shehia ya Pemba isiyokuwa na mtu wake Kariakoo. Mtaa wa Kongo, Mchikichi, Narung'ombe, Sikukuu na Msimbazi ni mitaa ambayo vijana wetu wanaijua kuliko wanavyoijua Darajani. Huko wamo wenye maduka ya nguo na vyombo, wamo wenye kupanga chumba ghorofa ya tatu na kuweka bidhaa ghorofa ya chini, na wamo wanaolala juu ya mali waliyoikopea. Basi wapo watakaosema kuwa Kariakoo si jimbo letu na kwamba chama chetu kinajiingiza katika mambo ya Bara. Jawabu yetu ni hii: mtoto wetu akilala chini ya dari, dari hiyo inatuhusu.

Ilisemwa na waliokuwapo, na magazeti yakaandika, kuwa kazi ya kuchimba na kupanua sehemu ya chini ya jengo lile ilikuwa inaendelea. Wenye jengo walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu mwezi ule ule. Hukumu ni ya mahakama na sisi hatuichukui. Lakini liko swali ambalo si la mahakama, nalo ni la siasa, na kwa hivyo ni letu: nani aliyepima? Kabla ya koleo la kwanza kushuka ardhini, yuko mtu mwenye elimu ya kazi hiyo, asiyekuwa mwenye jengo wala mwenye kuchimba, aliyekaa na kalamu na kuhesabu kuwa nguzo hizi zitabakia zimesimama? Kama hayuko, ni nani aliyeachia mji mkubwa wa biashara ukaendeshwa bila yeye?

KUDRA NA HISABATI

Wamo kati yetu wanaosema kila likitokea jambo kama hili kuwa ni kudra. Sisi ni Waislamu na hatuna ugomvi na kudra. Lakini dini ile ile iliyotufunza kutawakali ilitufunza kumfunga ngamia kwanza. Zege haianguki kwa kuwa siku yake imefika. Inaanguka kwa kuwa uzito umezidi nguvu, au msingi umeachwa bila ya kushikwa, au nondo zimepungua, au saruji imechanganywa na mchanga mwingi kupita kiasi. Yote hayo yanapimika. Udongo hupimwa kabla ya kujenga. Zege humiminwa katika vibweta vidogo, ikapondwa kwenye mashine siku ya 7 na siku ya 28 ili ijulikane nguvu yake. Nondo huhesabiwa kabla ya kufunikwa, kwa sababu zikishafunikwa hakuna macho yatakayoziona tena mpaka siku ya msiba.

Tuchukue mfano huu wa kuchimba chini ya jengo lililokwisha kusimama, kwani mwenye duka yeyote wa Kariakoo ataufahamu. Chini ya kila nguzo pako pahala palipotandazwa zege ili uzito wa ghorofa zote ugawanyike juu ya udongo. Udongo huo hauchukui uzito kwa sababu tu uko chini. Unachukua pia kwa sababu umebanwa na udongo wa pembeni. Ukiuchimba wa pembeni, ule wa chini hupata njia ya kukimbilia, na nguzo hushuka. Na mji wa Dar es Salaam umekaa juu ya mchanga wa pwani, na mchanga ndio wepesi wa kukimbia. Kazi hiyo inawezekana kufanywa kwa salama, lakini kwa kushikiza msingi kipande baada ya kipande, kwa vyuma vya kuegemeza, kwa kupima kila siku kama ukuta umeinama, na kwa kuwatoa watu ndani. Hayo si maarifa ya kubahatisha. Ni kazi ya muhandisi mshauri, na malipo yake ni sehemu ndogo ya gharama ya jengo.

MARA YA TATU

Lau kama jambo hili lingekuwa la mara ya kwanza tungesema serikali imeghafilika. Lakini mwaka 2006, baada ya jengo la ghorofa kuanguka upande wa Chang'ombe, Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, aliunda tume ya kukagua majengo marefu ya Dar es Salaam. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, katika mtaa wa Indira Gandhi katikati ya mji, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa jirani na msikiti liliporomoka na kuua watu 36. Wakubwa wenyewe walieleza kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Na mradi ule haukuwa wa mtu aliyejificha kichakani. Ulikuwa wa ubia baina ya Shirika la Nyumba la Taifa na mwekezaji. Kisha mwaka 2024 likaja la Kariakoo, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda kamati ya kukagua majengo.

Tume, msiba, tume, msiba, kamati. Sisi hatuzipingi tume. Tunapinga tume kugeuzwa sanda ya kufunikia jambo lililokwisha kufa. Tume huja baada ya watu kuzikwa. Muhandisi mshauri huja kabla ya msingi kuchimbwa. Serikali yenye akili ingelitumia fedha zake kwa huyu wa kabla, isizimalizie kwa yule wa baada.

Na wala hatukubali kuambiwa kuwa sheria hazipo. Sheria ya kusajili wahandisi ilitungwa tangu mwaka 1968, ikaja nyingine mwaka 1997. Iko Bodi ya wahandisi, iko Bodi ya makandarasi, iko Bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, liko Baraza la Taifa la Ujenzi, uko wakala wa usalama mahali pa kazi, na iko Halmashauri ya Jiji yenye kutoa kibali. Nyumba moja ya Kariakoo ina walezi sita, na mtoto amekufa kwa kukosa wa kumwangalia. Kila mmoja anao ukurasa wake wa sheria, na kila mmoja, siku ya msiba, anao mkono wa kumnyooshea mwenziwe.

Kodi lakini haina tatizo hilo. Mwezi wa Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi na namna ya kuidai. Hatusemi kodi isilipwe. Tunasema kwamba serikali inayoweza kuujua mlango wa kila duka ili kudai risiti, inaweza pia kuijua nguzo ya kila duka ili kulinda roho. Dola yenye macho ya kuona mfuko wa mwananchi na isiyoona ufa wa ukuta wake, upofu wake ni wa kuchagua.

NI NANI MUHANDISI MSHAURI

Wengi wetu tunamjua fundi na tunamjua mkandarasi. Muhandisi mshauri hatumjui, na ndiyo maana tunamwona kama gharama ya ziada. Basi na tumweleze.

Katika kila jengo wako watu wawili wenye maslaha. Mwenye mali anataka apate jengo kubwa kwa fedha kidogo. Mkandarasi anataka apate fedha nyingi kwa kazi kidogo. Hatuwatukani, hiyo ndiyo tabia ya biashara. Lakini baina yao lazima awepo wa tatu, ambaye hauzi saruji, hakodishi mashine, wala hapati chochote kwa nondo kuongezwa au kupunguzwa. Anachouza ni elimu yake na neno lake. Anachora, anahesabu, anasimama kwenye kazi, anasema "bomoa" pale panapofaa kubomolewa, na hasaini malipo mpaka kazi iwe kama ilivyoandikwa.

Jambo hili si bidaa iliyozuka jana. Mwaka 1913, katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, wahandisi washauri walianzisha shirikisho lao, linalojulikana kwa herufi za FIDIC. Mwaka 1957 likatoa kitabu cha masharti ya mikataba ya ujenzi, ambacho kwa rangi ya jalada lake dunia nzima inakiita Kitabu Chekundu. Mabenki makubwa ya maendeleo yanapokopesha fedha za barabara na madaraja hutumia masharti ya namna hiyo, kwa sababu yanajua kuwa fedha bila ya mpimaji huyeyuka. Chama cha wahandisi washauri wa Tanzania kimo katika shirikisho hilo. Basi mkopeshaji wa kigeni analindwa na muhandisi mshauri kwa fedha zake, na mpangaji wa Kariakoo halindwi kwa roho yake. Insafu iko wapi?

Na anayedhani kuwa elimu hiyo haiko kwa watu wetu wenyewe, na aende akalitazame Soko Kuu la Kariakoo. Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, msanifu aliyefungua ofisi yake mwenyewe katika miaka ambayo kazi kubwa za nchi zilikuwa bado mikononi mwa wageni. Likajengwa katika miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli ya zege iliyosimama juu ya nguzo, na mvua inayonyesha juu hukusanywa na kuteremshwa kwenye matangi yaliyo ardhini. Nalo lina ghorofa ya chini ya ardhi. Liangalieni jambo hilo vyema, ndugu zetu. Kwenye Kariakoo ile ile, juu ya mchanga ule ule, watu walichimba chini wakaweka soko, na soko likasimama, kwa kuwa chini yake palikuwa na hesabu kabla hapajakuwa na shimo. Hata moto wa tarehe 10 Julai 2021, ulioteketeza mali za watu, ulikuwa ni moto. Haikuwa khabari ya nguzo kusaliti. Tofauti baina ya ghorofa ya chini ya Amuli na shimo la kuotea usiku ni karatasi yenye saini ya mtu anayejulikana.

SERIKALI NDIYO MWALIMU MBAYA

Sasa tuseme wazi lile ambalo wengine wanalitafuna. Mwenye jengo wa Kariakoo anayekwepa kumlipa mshauri hakujifunza ubakhili huo peke yake. Amefunzwa na serikali.

Serikali imepanua utaratibu wa fosi akaunti, yaani idara au shule kununua vifaa yenyewe na kuwapa mafundi wa mtaani kazi. Kwa ukuta wa uwanja au choo cha shule, utaratibu huo una faida yake na hatuupingi. Lakini umezoeshwa mpaka mwananchi ameingiwa na fikra kwamba anayehitaji muhandisi ni mtu mwenye fedha za kuchezea. Mkubwa anaposimama jukwaani akajisifu kwamba jengo limejengwa kwa nusu ya bei kwa sababu "hatukuhitaji washauri", mwenye kiwanja Kariakoo anasikiliza, naye anakwenda kufanya hivyo hivyo.

La pili, serikali imejifanya mshauri wa nafsi yake. Uko Wakala wa Majengo, na uko mkono wa ushauri ndani ya Wakala wa Barabara. Wamo humo wahandisi wazuri na hatuwavunjii heshima. Lakini serikali inapokuwa mwenye mali, na mchoraji, na msimamizi, na mwenye kutoa kibali, ni nani aliyebakia wa kusema "bomoa"? Hakuna mtumishi atakayemwandikia mkubwa wake kwamba kazi ya mkubwa wake ni mbovu. Na makampuni ya watu binafsi, yanayolipa kodi, yanayolea vijana, yananyang'anywa kazi na mshindani ambaye ndiye huyo huyo mwenye kugawa kazi.

La tatu ni zabuni. Ukinunua mchele kwa bei ya chini kuliko zote, ukikosea utakula mchele wenye chuya. Ukinunua elimu ya muhandisi kwa bei ya chini kuliko zote, umenunua muhandisi ambaye hatakuja kwenye kazi. Kampuni iliyopunguza bei yake ili ipate zabuni haina namna nyingine ya kujirudishia ila kutuma kijana mmoja mara moja kwa mwezi badala ya muhandisi mzoefu kila wiki. Kisha watu wanasema washauri hawaonekani kwenye kazi. Wataonekana vipi, na ada yao haitoshi nauli?

La nne ni malipo. Kampuni ya ushauri haina mtambo wala ghala la kuuza. Ina watu, na watu wanalishwa kwa mishahara. Serikali ikichelewa kulipa, wa kwanza kuondoka ni muhandisi mzoefu, na wa mwisho kubakia ni muhuri mezani. Na muhuri uliobakia peke yake mezani unajua kutembea.

INSAFU INATAKA TUSEME NA HILI

Watatuuliza: nyinyi chama cha wanyonge, tangu lini mmekuwa mawakili wa makampuni? Swali ni la haki na tunalijibu. Hatuyatetei makampuni kwa sababu ni makampuni. Tunatetea kipimo, na kipimo hakina pa kukaa ila kwa wapimaji. Mnyonge ndiye anayekaa ghorofa ya chini. Tajiri mwenye jengo hakulala humo siku lilipoanguka.

Watasema pia kuwa gharama itamwelemea mwananchi mdogo. Tufanye hesabu. Tuseme mtu anajenga ghorofa sita kwa shilingi bilioni 2, na tuseme ada ya kuchora na kusimamia ni sita kwa mia. Hiyo ni shilingi milioni 120. Mwenye kupata bilioni 2 hashindwi na milioni 120. Anachagua kutozitoa, kwa kuwa hatari haimpati yeye peke yake. Ama yule anayejenga nyumba ya chumba na sebule kijijini, hakuna anayemdai ada ya namna hiyo, na chama chetu hakitamdai. Kwa huyo, halmashauri iweke michoro ya bure na mkaguzi wa mtaa.

Na watasema kuwa wahandisi wenyewe wamo wanaokodisha mihuri yao. Hilo ni kweli katika kazi hiyo kama ilivyo katika kila kazi. Muhandisi anayetia saini juu ya jengo asilolikanyaga ni sawa na shahidi anayeapa juu ya jambo asiloliona, na adhabu yake iwe ya shahidi wa uongo. Hatumwombei msamaha. Lakini dawa ya kadhi mbaya haikuwa kuondoa ukadhi. Dawa ni kumwondoa yeye, hadharani, na jina lake likajulikana.

TUJITAZAME NA SISI

Ndugu wanachama, asije mtu akafikiri kuwa bahari itatukinga. Sisi tuna msiba wetu. Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilitoa ilani mwaka 2012 pembe ya roshani zake ilipoporomoka. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya matengenezo iko ndani yake, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka na mafundi wawili wakafa. Nyumba iliyostahamili mizinga ya mwaka 1896 haikustahamili matengenezo ya miaka yetu. Katika Mji Mkongwe, ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, ziko nyumba nyingi ambazo kuta zake ni za mawe na chokaa, zinazochukuana moja na jirani yake. Anayetoboa ukuta wa chini ili apate duka la watalii anaitoboa nyumba ya jirani pia.

Na sasa Unguja inajengwa kwa haraka. Masoko ya Jumbi na Mwanakwerekwe, madarasa ya ghorofa, Uwanja wa Amani uliofanyiwa ukarabati mkubwa, mahoteli ya pwani. Sisi hatusemi kuwa majengo hayo ni mabovu. Hatuna haki ya kusema hivyo bila ya kupima. Tunasema kuwa mzazi anayempeleka mwanawe ghorofa ya tatu ya skuli ana haki ya kulijua jina la aliyechora, jina la aliyesimamia, gharama yake, na namna kazi ilivyopatikana. Ubao wa mradi unatupa picha ya kiongozi na jina la mkandarasi. Mara nyingi jina la aliyepima halisomeki.

Liko na la vijana. Watoto wetu wamesoma uhandisi Mbweni na Dar es Salaam na nchi za nje, kisha wanarudi kuuza vocha za simu. Muhandisi hafanywi na chuo peke yake. Anafanywa na miaka ya kukaa chini ya mkubwa wa kazi ndani ya kampuni. Makampuni yakifa, hao watajifunzia wapi? Bara tumesikia kuwa miradi ya ujenzi isiyozidi shilingi bilioni 50 imetengewa makandarasi wazawa. Vyema. Lakini mkandarasi mzawa akisimamiwa na mshauri mgeni, elimu imebakia kwa mgeni na jasho limebakia kwetu.

TUNATAKA NINI

Chama chetu hakikosoi kwa kupenda kukosoa. Haya ndiyo tunayoyataka, Bara na Visiwani:

1. Jengo lolote la zaidi ya ghorofa mbili lisipewe kibali bila ya kampuni ya wahandisi washauri iliyosajiliwa, na muhandisi mmoja kwa jina lake, kuanzia kupima udongo mpaka watu kuhamia.

2. Kuchimba chini ya jengo, kuongeza ghorofa, au kuondoa ukuta unaochukua uzito kuhesabiwe kuwa ni ujenzi mpya, kwa rukhsa mpya, na watu wahamishwe kwanza.

3. Washauri wachaguliwe kwa ujuzi kwanza na bei baadaye, na uwekwe mpaka ambao ada haitashuka chini yake.

4. Serikali isijikague. Idara inayojenga isimamiwe na kampuni ya nje yake.

5. Malipo ya ushauri yalipwe kwa muda uliomo katika mkataba, na serikali ikichelewa ilipe ziada kama anavyolipa mwananchi aliyechelewesha kodi.

6. Kila kampuni ya ushauri iwe na bima ya makosa ya kazi yake, na anayekodisha muhuri afutwe na atangazwe.

7. Ripoti ya kila tume ya majengo ichapishwe yote, kwa Kiswahili, na ibandikwe sokoni.

8. Mshauri wa kigeni asipewe kazi ya fedha za umma bila ya mwenzake mzawa mwenye sehemu ya haki katika kazi na katika elimu.

Hakuna katika haya linalohitaji mkopo wala safari ya Ulaya. Yanahitaji serikali inayokubali kuambiwa "bomoa" na mtu isiyemwajiri. Na hapo ndipo ugumu ulipo, kwani serikali isiyotaka kupimwa kwenye sanduku la kura haitapenda kupimwa kwenye zege. Mshauri huru ni mpinzani wa kitaalamu: kazi yake ni kusema la, na kulitolea hesabu. Anayemwogopa mmoja humwogopa na mwenziwe.

Basi karatasi hii ikifika tawini isomwe kwa sauti, kisha ipelekwe tawi la pili. Mwenye jamaa Kariakoo na ampigie simu usiku wa leo, amuulize mambo matatu: jengo unalokaa linachimbwa chini? Pana ufa uliozidi tangu mwezi uliopita? Unalijua jina la aliyelipima? Akijibu vibaya, na atoke kwanza na bidhaa zibakie, kwani duka hurudi na mtu harudi. Ufa usipozibwa, ukuta utajengwa. Na tumeona sasa kuwa wapo ambao hawakupewa hata nafasi ya kuujenga ukuta.

Mungu awarehemu waliokufa mtaa wa Indira Gandhi, Kariakoo na Forodhani. Sisi tuliobakia tumwachie Mungu yaliyo ya Mungu, na tuidai serikali yaliyo ya serikali. Aliyesoma na amfikishie asiyesoma.